Banauti si uchovu wa Jumatatu

Jumatatu ikifika, nusu ya Nairobi husema ina banauti, yaani "burnout" ya Kiingereza. Aliyekesha Westlands anayo, aliyepiga foleni ya matatu za Rongai hadi saa tatu usiku anayo, na mwanafunzi aliyetoka kwenye mitihani anayo pia. Wote hao wamechoka, na uchovu wao ni wa kweli. Lakini banauti ni jambo lingine, na tukiendelea kuchanganya haya mawili, wenye nayo hasa hawatasikika.

Maana yake ni fupi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, linaieleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo. Dalili ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kuhisi kwamba unachokifanya hakifai kitu. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Liliiita hali ya kikazi, na likasema isitumiwe kueleza mambo mengine ya maisha.

Watu hushika dalili ya kwanza, hizo mbili wakaziacha. Hapo ndipo ninapokereka, kwa sababu ya pili ndiyo inayoumiza zaidi. Mwangalie muuguzi aliyekuwa akijua kila mgonjwa wodini anatoka wapi na nani humletea uji. Leo anasema tu "yule wa kitanda cha tisa", na jamaa wa mgonjwa wakimuuliza swali, anajibu macho yakiwa kwenye faili. Au mwalimu aliyezoea kujaza pambizo za insha kwa wino mwekundu, sasa anatia alama ya vema bila kusoma. Hawajawa watu wabaya. Wameona mengi wasiyoweza kuyatengeneza, wakajikinga kwa njia iliyobaki. Na wanaweza kulala usiku kucha, wakaamka vilevile.

Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika kuhusu banauti ya wafanyakazi wa kliniki ya bure iliyohudumia, miongoni mwa wengine, vijana waliotumia dawa za kulevya. Yeye mwenyewe alikuwa akimaliza kazi yake ya mchana, kisha anaenda huko usiku. Aliona kwamba walio hatarini zaidi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Kwa hivyo anayedhani banauti ni jina la heshima la uvivu amekosea kabisa. Baadaye wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha banauti, mwaka 1981, na Maslach ameendelea kusisitiza kwamba tuitazame kazi yenyewe: wingi wake, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzako, haki, na kama kazi hiyo inalingana na unayoyaamini.

Ndiyo maana siku mbili za mapumziko hazitoshi, wala warsha ya kupumua kwa kina. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili, na kila mtu azichukue zote. Likizo humrudisha aliyechoka. Mwenye banauti hupata nafuu akiwa ushago, kisha anaikuta zamu ileile, watu wawili wakifanya kazi ya wanne.

Kuna kosa jingine la hatari. Huzuni inayomfuata mtu hadi nyumbani, ikamwondolea hamu ya chakula, marafiki na hata watoto wake, huenda ikawa sonona. Hiyo ina matibabu, na kuiita banauti humchelewesha mtu kumwona daktari.

Basi mwenzako akikwambia ana banauti, usikimbilie kumwambia alale. Muulize ni nini kimebadilika kazini tangu siku alizoipenda kazi hiyo. Akisema ni usingizi tu, mwache akapumzike. Akikueleza habari za zamu aliyoongezewa tangu mwenzake alipoacha kazi na nafasi haikujazwa, hilo ni la kupelekwa kwa msimamizi, na ni afadhali mwende wawili.