Mgahawa wa Kifilipino: vijiti hamna, pilipili hiari yako

Wengi wakisikia chakula cha Asia hudhani watapewa vijiti na mchuzi wa pilipili unaotoa machozi. Kwenye karinderia, mgahawa mdogo wa familia nchini Ufilipino, mara nyingi hutakuta hayo. Unapewa kijiko na uma: kijiko cha kulia, uma wa kusukumia wali. Wengine hula kwa mkono, jambo lisilomshangaza mtu wa pwani yetu.

Ladha inayotawala ni uchachu. Sinigang, supu ya nguruwe, samaki au kamba, hutiwa ukwaju. Adobo, kitoweo cha nyama, hupikwa kwa siki, sosi ya soya, vitunguu saumu na pilipili manga. Siki hiyo huzuia nyama isiharibike upesi kwenye joto. Wapenda pilipili kali hasa ni watu wa Bicol, eneo mojawapo la nchi hiyo, nao huipika na tui la nazi, tena tamu sana. Kwingineko huwekwa pembeni pamoja na kalamansi, vilimau vidogo vya kijani, kila mtu akoleze mwenyewe.

Menyu usiisubiri. Vyakula viko kwenye sufuria mbele yako. Nyoosha kidole, upakuliwe. Kama huli nguruwe, uliza kwanza, maana huwemo hata kwenye mboga.