Mafua ya aleji: dawa ya kupuliza puani au vidonge?

Mafua ya aleji hayaletwi na virusi, ndiyo maana hayaji na homa wala hayaishi baada ya wiki. Kinga ya mwili inachukulia vumbi, chavua au manyoya ya paka kama adui. Ndani ya pua histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, inamwagwa, na hapo hapo chafya zinafuatana, pua inawasha, kamasi jepesi linachuruzika. Saa kadhaa baadaye utando wa pua unavimba na hewa inakosa njia.

Vidonge vingi vya aleji, kama setirizini na loratadini, huzuia histamini. Ndani ya saa moja hadi tatu chafya na muwasho hutulia, hata ule wa macho. Pua iliyoziba ndiyo inayovishinda, kwa sababu uvimbe hauletwi na histamini peke yake. Klorofeniramini, ya zamani zaidi, inaleta usingizi. Mwenye safari ya kuendesha gari asiiguse.

Dawa ya kupuliza yenye steroidi (flutikasoni, mometasoni, budesonidi) inashughulika na uvimbe wenyewe. Kwa mtu anayeamka na pua iliyoziba karibu kila siku, inavizidi vidonge. Neno steroidi linatisha watu bure hapa: flutikasoni na mometasoni za puani zinaingia kwenye damu kwa chini ya asilimia 2. Inachotaka ni subira. Nguvu yake kamili huweza kuchukua hadi wiki 2 za kupuliza kila siku, na wengi huitupa siku ya tatu wakisema haifai.

Wengine wanaipuliza vibaya. Inamisha kichwa mbele kidogo, si nyuma. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, na wa kushoto tundu la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio. Ukielekeza kwenye ukuta wa katikati kila siku, pua itaanza kutoka damu. Usivute kwa nguvu. Ukiionja kooni, dawa imeshapita pua.

Kuna kichupa kingine kinachofanana kabisa na cha steroidi: oksimetazolini au ksailometazolini. Hakina steroidi. Kinabana mishipa ya damu, pua inazibuka kwa dakika chache, na ndiyo sababu kinapendwa. Kikitumika zaidi ya siku 3 hadi 5, pua inaziba vibaya zaidi kila kinapoisha nguvu, na mtu anazidi kupuliza. Anayelalamika kwamba dawa ya kupuliza "imemzoea" kwa kawaida anazungumzia hii.

Na vidonge vya kuzibua pua vyenye fenilefrini? Septemba 2023 washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walikubaliana kwa kauli moja kwamba ikimezwa kwa kipimo cha kawaida haizibui chochote.

Steroidi ya puani ikishindwa, kuongeza kidonge cha antihistamini (kizuia-histamini kama setirizini) hakusaidii pua sana. Mara nyingi azelastini, antihistamini inayopulizwa puani, ndiyo inayoongeza nafuu.