Mhariri wa jarida la useremala anapoaga, tunamshukuru kwa lipi hasa?

Mhariri mkuu wa jarida la useremala akiondoka baada ya kulitumikia miaka mingi, toleo linalofuata hujaa maneno mazuri. Wenzake huandika kwamba alikuwa makini, mvumilivu, na aliwajali wasomaji. Ni kweli tupu, lakini msomaji aliye karakanani kwake hapati picha ya kinachosifiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani ukurasani. Mimi ni seremala, na kwa muda mrefu nimekuwa nikihakiki michoro na vipimo vya makala kabla hazijaenda mtamboni. Nimefanya kazi chini ya wahariri wa kila namna. Nataka kueleza mambo ambayo sisi tulio nyuma ya kurasa huyakumbuka mtu wa aina hiyo anapokabidhi meza yake.

Nianze na orodha ya vipande vya kukatwa na vipimo vyake, maana hapo ndipo mhariri anapojulikana ni wa namna gani. Chukua mlango mdogo wa kabati, wa fremu na paneli (ubao unaoshikwa ndani ya fremu), wenye upana wa milimita 400. Vipande viwili vya wima vina upana wa milimita 60 kila kimoja, kwa hiyo katikati panabaki milimita 280. Huo ndio umbali wa kipande cha mlalo kutoka bega moja hadi bega la pili, bega likiwa pale sehemu inayoonekana inapoishia na ulimi wa kiungo unapoanzia. Lakini kipande hicho kina ndimi mbili, moja kila mwisho, zinazozama kwenye matundu ya vile vya wima, na kila ulimi una milimita 35. Urefu wa kukata basi ni 350. Mwandishi wa makala ameshatengeneza milango mingi na mambo haya yote yamo mikononi mwake, kwa hiyo kwenye orodha anaandika 280 bila hata kusita. Msomaji anaamini, anakata 280, na hapo hana tena mahali pa kuzitoa ndimi. Ubao umeshapotea, na kama ni ubao aliouwekea akiba, imani yake kwa jarida imeondoka nao.

Paneli ya mlango huohuo ina mtego mwingine, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani siku ya kuunganisha. Ndani ya fremu kuna mfereji wenye kina cha milimita 10 unaoshika paneli pande zote. Hesabu ya haraka inakupa upana wa 300: ile 280 ya katikati, ongeza 10 kila upande. Ukikata hivyo, paneli itaingia sawasawa na mlango utapendeza. Baadaye msimu unageuka. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, ilhali kwa urefu karibu hazisogei. Ubao wa mwaloni mwekundu wa milimita 300, uliopasuliwa hivi kwamba pete za mti zimelala sambamba na uso wake, unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 12, hutanuka kwa zaidi ya milimita 4. Paneli iliyojaa hadi mwisho wa mfereji haina pa kwenda. Itaisukuma fremu mpaka viungo vifunguke. Kipimo kinachofaa kuchapishwa ni kama 294, paneli ikae bila gundi, na mchoro uonyeshe wazi lile pengo la milimita 3 kila upande. Mchoraji asiyejua sababu yake atalifuta pengo hilo akidhani analisafisha tu umbo. Nimeona likifutwa, na nimeona mhariri akilirudisha kwa kalamu yake mwenyewe usiku wa kuamkia uchapaji.

Kwa hiyo wenzake wanaposema "alikuwa makini", mara nyingi wanamaanisha kanuni moja aliyoishikilia kwa nguvu zote: kitu hakichapishwi mpaka mtu asiye mwandishi akitengeneze kwa kufuata mchoro na maandishi peke yake. Ni kanuni yenye gharama. Inakula mbao, inakula siku za kazi, na inawaudhi waandishi hodari ambao hawajazoea kuulizwa. Ndiyo sababu baadhi ya majarida yalijenga karakana palepale penye ofisi. Jarida la Popular Woodworking, lilipokuwa Cincinnati huko Marekani, lilikuwa na karakana yake, na wahariri walitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye benchi na kurudi. Mhariri anayeingia mkutanoni na vumbi la mbao mikononi huuliza maswali tofauti kabisa na yule anayesoma tu karatasi.

Aliyefika mbali kuliko wote katika hili, kwa maoni yangu, ni Charles Hayward wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1898, akajifunza kutengeneza fanicha karakanani akiwa kijana, kisha akaliongoza jarida la The Woodworker, lililoanzishwa mwaka 1901, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Hayward alitengeneza vitu mwenyewe, akachora michoro mwenyewe, na sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwake. Ukiitazama michoro yake unaona faida ya mtu mmoja kuwa fundi, mchoraji na mhariri kwa pamoja. Mkono unaoshika patasi umechorwa pale tu ambapo namna ya kushika ina maana. Pembe ya kutazamia kiungo ni ileile utakayokiona nayo ukiwa umesimama mbele ya benchi. Mistari isiyokusaidia kukata haimo.

Wakati wake haukuwa mwepesi. Vita vilipoanza mwaka 1939, mbao nchini Uingereza ziliwekwa chini ya udhibiti wa serikali, na karatasi nayo ikawa ya mgawo. Fikiria kuhariri jarida la useremala wakati msomaji hawezi kununua ubao apendavyo na wewe huwezi kupata karatasi upendavyo. Aliendelea. Msomaji wa aina hiyo anahitaji kujua jinsi ya kutengeneza upya kilichovunjika, jinsi ya kunoa kifaa cha zamani kikakata kama kipya, jinsi ya kutumia kipande kidogo pasipoharibika kitu. Mafunzo ya namna hiyo hayachakai. Seremala wa leo anayejifunza kunoa randa kwa kurasa zake hatapotea.

Njia ya Hayward, hata hivyo, haiwezi kuwa ya kila mtu, kwani inahitaji mtu mmoja awe na vipaji vyote hivyo. Mwaka 1975 Paul Roman na mkewe Jan walianzisha Fine Woodworking huko Newtown, Connecticut, wakiwa na msimamo mwingine: makala ziandikwe na mafundi wenyewe, wale wanaoishi kwa kazi hiyo. Tage Frid, fundi mzaliwa wa Denmark aliyefundisha Rhode Island School of Design, alikuwamo tangu mwanzo. Profesa Bruce Hoadley wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mtaalamu wa sayansi ya mbao, akawaeleza wasomaji kwa nini mbao zinasogea. Ile hesabu ya paneli niliyoitoa hapo juu, maseremala wengi waliisoma mara ya kwanza kutoka kwa watu kama yeye.

Hapa kazi ya mhariri inageuka kuwa ngumu kwa namna nyingine. Fundi bingwa si lazima awe mwandishi bingwa. Anakuletea kurasa ambamo hatua muhimu kuliko zote imefichwa ndani ya neno moja, "kisha nikalinganisha", na kulinganisha kwenyewe ndiko msomaji alikokuja kujifunza. Mhariri mzuri hasahihishi sentensi hiyo akiwa ofisini. Anamfuata mwandishi karakanani, anasimama pembeni na kamera, anamwomba arudie. Anamuuliza: umejuaje kwamba sasa panatosha? Umesikia nini? Kidole gumba kiko wapi? Fundi anasimama, anafikiri, na mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kulitaja kwa maneno jambo ambalo mikono yake imelifanya miaka yote. Jibu hilo ndilo makala. Na likishaandikwa, lazima libaki kwa sauti ya fundi, mhariri asilipake sauti yake. Waandishi wanaomshukuru mhariri anayeondoka kwa "uvumilivu" wanakumbuka saa hizo za kurudia-rudia.

Picha nazo zina sheria zake. Kinga ya msumeno ikiondolewa ili jino lionekane vizuri, maelezo lazima yaseme hivyo, na ni bora kutafuta pembe nyingine ya kupigia picha kinga ikiwa mahali pake. Wasomaji huiga wanachokiona kuliko wanachokisoma. Nawaheshimu sana wahariri waliokataa picha nzuri kwa sababu hiyo.

Kuhusu matangazo nitasema machache. Majarida mengi yanaendeshwa kwa fedha za wauzaji wa vifaa, na ni majarida hayohayo yanayowaambia wasomaji ni randa gani inafaa kununuliwa. Don Peschke, alipoanzisha Woodsmith huko Des Moines, Iowa, mwaka 1979, aliamua jarida lisichukue matangazo kabisa, likategemea wasomaji wanaolipia. Wengine hawakuwa na nafasi hiyo, na kwao kinga pekee ilikuwa mhariri aliye tayari kupokea simu ya muuzaji aliyekasirika, kumsikiliza kwa adabu, na kuacha maneno ya mkaguzi wa vifaa kama yalivyo. Simu hizo wafanyakazi wa chini hawazisikii. Wanagundua tu, miaka inavyokwenda, kwamba hakuna aliyewahi kuwaomba wabadilishe matokeo.

Sasa, mtu huyo akiondoka, kinachoondoka ni nini? Michoro inabaki kwenye kabrasha, picha zinabaki, orodha ya wanaolipia inabaki. Yanayoondoka ni yale yaliyokuwa kichwani mwake: mwandishi gani huwa anasahau urefu wa ndimi, yupi anahitaji kutembelewa na yupi anatosha kupigiwa simu, makala ipi iliwahi kukataliwa na kwa nini, wasomaji waliandika nini baada ya mradi fulani. Kampuni zinazomiliki majarida hubadilika, tena kwa ghafla. F+W, iliyokuwa ikimiliki Popular Woodworking, iliomba kinga ya mufilisi Machi 2019, na jarida likahamia mikononi mwa wengine. Katika misukosuko ya namna hiyo, viwango vya kazi vinasafiri na watu waliovijifunza, kwa sababu hakuna karatasi inayoviweza vyote.

Ndiyo maana shukrani ninayoiamini zaidi ni ile inayoonekana katika kazi za waliobaki. Christopher Schwarz aliingia Popular Woodworking mwaka 1996, akawa mhariri wake, akaondoka mwaka 2011 ili kuishughulikia Lost Art Press, nyumba ya vitabu aliyokuwa ameianzisha na John Hoffman mwaka 2007. Megan Fitzpatrick, aliyefanya naye kazi kwenye jarida, baadaye alikalia kiti hicho cha uhariri, na yeye pia alipoondoka, aliungana tena na Schwarz kwenye vitabu. Na Lost Art Press ndiyo iliyokusanya makala za Hayward kutoka matoleo ya zamani ya The Woodworker, ikazipanga kwa mada na kuanza kuzitoa kama vitabu mwaka 2016. Mtu aliyewahi kuongoza jarida alitumia miaka ya kazi yake kurudisha mikononi mwa mafundi kurasa za mhariri aliyemtangulia kwa miongo kadhaa. Kwangu mimi hiyo inazidi hotuba yoyote ya kuagana.

Sisi wahakiki tuna namna yetu ndogo. Kila mhariri niliyemheshimu ameniachia swali ambalo naendelea kuliuliza mezani pangu. Mmoja aliuliza kila mara, "Msomaji atashika wapi?" kila alipoona picha ya kifaa kinachokata. Mwingine alikuwa akiweka kidole kwenye mchoro na kuniambia, "Nionyeshe bega linaanzia wapi." Vijana ninaowafundisha kuhakiki sasa wanauliza vivyo hivyo bila kujua maswali hayo yalitoka kwa nani, na huwa nawatajia.

Kama nawe umewahi kutengeneza kitu kwa kufuata jarida, na ukasikia mhariri wake anaondoka, usiishie kumwandikia kwamba utamkosa. Mwandikie ulitengeneza nini, kutoka toleo lipi, na kama kinasimama hadi leo. Weka picha ya viungo vikiwa vimefungwa na, kama unayo, ya mahali palipofunguka. Kama kuna kipimo kilichokusumbua, kitaje kwa milimita na useme ulitumia mbao gani. Barua hiyo ataisoma mpaka mwisho, kisha ataipitisha kwa anayepokea kiti chake, naye ataipeleka kwetu tulinganishe na mchoro.