Ukiona "Error opening terminal", usikimbilie export TERM=xterm

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa kazini kanijia na laptop mkononi. Kabadilisha programu ya terminali, katoka kwenye ile iliyokuja na Ubuntu kaweka kitty kwa sababu kaiona kwa jamaa zake, na kwenye laptop yake kila kitu kinaenda poa kabisa, ila akiingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuingia mashine ya mbali) halafu akaandika htop, programu ya kuonyesha mzigo wa mashine, anapata hii:

    Error opening terminal: xterm-kitty.

Akajaribu clear:

    'xterm-kitty': unknown terminal type.

Akafungua logi kwa less, programu ya kusomea faili, nayo ikamlalamikia WARNING: terminal is not fully functional. "Kaka, seva imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, seva haijui tu unatumia nini. Na kabla sijamaliza sentensi keshagoogle keshapata jibu, weka export TERM=xterm kwenye .bashrc ya seva (faili ambalo sheli inalisoma ikianza), maisha yaendelee. Hapo ndo nikamshika mkono, maana hilo jibu limenitesa mimi, nitafika huko.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Programu iliyo kule kwenye seva haioni skrini yako, inachofanya ni kutuma baiti tu. Ikitaka kufuta skrini, ikitaka kupeleka kishale juu kushoto, ikitaka neno liwe jekundu, lazima itume mfululizo wa herufi unaoanza na ESC, na lazima ijue terminali yako inaelewa mfululizo gani. Itajuaje? Kuna neno moja tu linakaa kwenye mazingira ya sheli yako, TERM. Programu inasoma hilo neno, inaenda kwenye hazina inaitwa terminfo, inatafuta jina hilo, inasoma vipimo vyake. Sasa ukiingia kwa ssh jina linasafiri (lipo ndani ya ombi lenyewe la kufunguliwa terminali, hata AcceptEnv, mpangilio wa seva wa kupokea vigezo vingine, haihusiki), lakini vipimo vinabaki kwenye laptop yako. Ni kama kumpelekea fundi cherehani jina la mteja bila vipimo vyake, atashona nini?

Haya mambo yana historia. Miaka ya 70 terminali ilikuwa mashine kabisa, skrini na kibodi juu ya meza, na kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Lear Siegler walitoa ADM-3A mwaka 1976, DEC wakaja na VT100 mwaka 1978, na mfululizo wa kufuta skrini kwenye moja hauna maana kwenye nyingine. Bill Joy kule Berkeley alipokuwa anaandika vi, programu ya kuhariri maandishi, akachoka kuandika upya programu kwa kila mashine, ndo ikazaliwa termcap, faili moja refu lenye vipimo vya terminali zote. Baadaye Mary Ann Horton akaleta terminfo, na hiyo ndo tunayotumia hadi leo kupitia maktaba ya ncurses. Mashine zenyewe zimeshaenda makumbusho, sasa hivi karibu wote tunatumia programu zinazoiga VT100 na wajukuu zake, ila kila mmoja kaongeza vyake, na ndo maana kitty inajiita xterm-kitty, Ghostty inajiita xterm-ghostty, foot inajiita foot. Hawajafanya kosa, wanasema ukweli kuhusu wao wenyewe.

Ukitaka kuona vipimo vyako andika infocmp tu bila kitu kingine. Utaona mambo kama haya:

    clear=\E[H\E[2J, khome=\EOH, kbs=^?,

Yaani, "kunifuta nitumie ESC [ H halafu ESC [ 2 J, mtu akibonyeza Home utapokea ESC O H, akibonyeza Backspace utapokea herufi namba 127." Zile zinazoanza na k ni vitufe, zinatoka kwako kwenda kwenye programu. Watu wengi wanadhani TERM ni suala la rangi tu wanasahau vitufe, na vitufe ndo vinavyoumiza.

Basi dawa yenyewe, ile ambayo mimi naiita dawa, ni kupeleka vipimo kule vinakotakiwa. Mstari mmoja, unauandika ukiwa kwenye laptop yako:

    infocmp -x | ssh seva 'tic -x /dev/stdin'

infocmp inatoa vipimo kama maandishi, ssh inavibeba, tic inavikusanya kule na kuviweka kwenye ~/.terminfo ya mtumiaji wako, huhitaji ruhusa ya root, yaani msimamizi wa mashine. Ile -x ni ya kubeba vitu vya ziada ambavyo havimo kwenye orodha ya zamani. Unaweza kupata onyo kwamba matoleo ya zamani ya tic yanaweza kuchukulia maelezo kama jina lingine, lipuuze, kazi imeshafanyika. Toka, ingia tena, htop inafunguka. Kijana wangu alishangaa kwamba ndo basi.

Tafadhali peleka maandishi, usichukue faili lililokwisha kukusanywa ukalinakili kwa scp. Nimeona watu wanafanya hivyo kutoka Mac kwenda Linux halafu wanalalamika. Kwenye Linux faili linakaa kwenye folda ya herufi ya kwanza, ~/.terminfo/x/, kwenye Mac folda hiyo inaitwa 78 kwa sababu ndo namba ya herufi x kwa heksadesimali, kwa hiyo faili lipo na halionekani. Ukienda kwenye Unix za zamani za kibiashara ndo hata muundo wenyewe wa ndani unaweza kuwa tofauti.

Kama seva ni yako na ni Debian au Ubuntu, angalia kwanza kama kifurushi cha ncurses-term kipo, maana ile ncurses-base inayokuja yenyewe ina terminali chache tu za kawaida. Mara nyingi apt install ncurses-term inamaliza mchezo kwa watumiaji wote, isipokuwa kwa terminali mpya ambazo seva ya miaka sita iliyopita haiwezi kuwa imezisikia.

Halafu kuna mtego wa sudo, amri ya kufanya kazi kama root, ambao kila mtu anaingia. Umeshapeleka vipimo, htop inafanya kazi, sudo -i halafu htop, kosa lilelile limerudi. TERM imebaki ileile ila sasa wewe ni root, nyumbani kwako ni /root, na huko hakuna .terminfo. Pitisha vipimo kwa tic kama root mara moja vikae kwenye hazina ya mashine nzima, yameisha:

    infocmp -x | sudo tic -x /dev/stdin

(hii unaifanya ukiwa kwenye seva, baada ya ile ya kwanza.)

Sasa kuna mashine ambazo huwezi kupeleka kitu. Swichi, ruta, seva ya mteja ambayo hutakiwi kuacha hata faili, Solaris ya zamani ambayo tic yake haijui -x ni nini. Hapo sawa, danganya, ila danganya mlangoni, upande wako, na kwa mashine hiyo tu. Kwenye ~/.ssh/config ya laptop:

    Host zamani-*
        SetEnv TERM=xterm

Hii inataka OpenSSH 8.7 ya mwaka 2021 au mpya zaidi kwenye laptop yako, kabla ya hapo SetEnv ilikuwa haigusi TERM. Ukiwa na ya zamani andika TERM=xterm ssh zamani-1, ni kilekile. Uongo wa xterm kwa kawaida hauumi sana kwa sababu hizi terminali mpya zinaelewa karibu kila kitu cha xterm, unapoteza madoido madogo tu.

Tofauti ya hapo na kuandika kwenye .bashrc ya seva ni hii: ukiandika kwenye seva unawadanganyia watu wote watakaoingia, kwa terminali zote, hata zile ambazo hazijatengenezwa bado. Na njia ya mwongo ni fupi.

Nilishawahi kufanya kazi sehemu, siitaji, ilikuwa na Solaris moja ambayo mtu wa enzi hizo alishaandika TERM=vt100 kwenye /etc/profile, faili linalosomwa kwa kila anayeingia. Hakuna aliyejua. Usiku mmoja naingia kubadilisha njia ya logi kwenye faili la mipangilio, nafungua vi, ile vi asilia, siyo vim. Naandika /data/log, nabonyeza Home nirudi mwanzo wa mstari nihakikishe, kishale hakijaenda, nikapuuza, nikahifadhi, nikawasha huduma upya. Ikagoma. Nikasoma lile faili mara tatu sioni kosa, usingizi huo, mpaka nikaja kuona imeandikwa /data/loG.

G kubwa imetoka wapi? VT100 haina Home kwenye vipimo vyake, kwa hiyo vi haikujua kinachokuja ni kitufe. Terminali yangu ilituma ESC [ 1 ~ na vi ikasoma herufi moja moja. ESC, haya toka kwenye kuandika, kishale kikarudi juu ya herufi ya mwisho. [ ikifuatiwa na 1, sijui unataka nini, sahau. ~, hiyo naijua, geuza herufi ndogo iwe kubwa. g ikawa G. Yaani vi ilinitii kabisa, herufi kwa herufi. (Kichekesho ni kwamba kwenye ile ADM-3A aliyoitumia Bill Joy, Home na ~ zilikuwa kwenye kitufe kimoja, ndo maana hadi leo ~ ni nyumbani kwako.)

Kama ni lazima uweke kitu upande wa seva, basi angalau uliza kwanza:

    [ -t 1 ] && ! infocmp >/dev/null 2>&1 && export TERM=xterm

Anayejulikana anaachwa na jina lake, asiyejulikana ndo anapewa la kuazima. Hiyo naivumilia.

Na tmux, ile programu ya kugawa terminali moja kuwa madirisha mengi? Ndani ya tmux terminali yako siyo kitty tena, ni tmux, inakaa katikati na kutafsiri, kwa hiyo TERM humo lazima iwe tmux-256color au screen-256color. Watu wanalazimisha xterm-256color humo ndani kwa ajili ya rangi halafu wanashangaa Home na End zinamwaga ~ kwenye programu. Ukiwa ndani ya tmux ukaingia seva isiyojua tmux-256color, screen-256color inajulikana sehemu nyingi zaidi. Ila kwa majina ya screen, hata hilo la screen-256color, kuna kituko, ukitafuta kitu kwenye less, maneno yaliyopatikana yanaweza kutokea yamelala badala ya kung'aa, kwa sababu mfululizo ambao screen inautumia kung'arisha ndo uleule ambao wengine wanautumia kulaza herufi. Ukiona maandishi yamelala mahali pasipostahili, jina lako na terminali yako haviendani.

Niseme pia yanayosingiziwa TERM bure. Ukibonyeza Backspace unapata ^H au ^?, hilo mara nyingi ni la stty, amri ya kupanga mipangilio ya terminali: bonyeza Ctrl-V halafu Backspace uone kinachotumwa, kisha stty erase na hicho ulichokiona. Kwenye HP-UX za kale ilikuwa mbaya zaidi, kufuta herufi ilikuwa # na kufuta mstari mzima ilikuwa @, jaribu kuandika anwani ya imeili humo uone. Mstari mrefu wa amri ukijikunja na kujiandika juu yake wenyewe, angalia PS1 yako (yale maandishi yanayotangulia amri), rangi ulizoweka hazijafungwa kwa \[ na \], bash inahesabu vibaya. Ukiingia kwa kebo ya serial ukakuta vim imejibana kwenye mistari 24, ni ukubwa tu, kebo haina namna ya kupeleka ukubwa wa dirisha kama ssh, andika stty rows 50 cols 190 uendelee. Na menyu zikitokea na lqqqqk pembeni badala ya mistari, hapo ndo urudi kwenye TERM, au kwenye UTF-8, huwa ni mmoja wao.

Jana nikikumbuka ya yule kijana nikasema ngoja nipitie seva zote nione nani kaweka nini:

    grep -n 'TERM=' ~/.bashrc ~/.profile /etc/profile /etc/profile.d/*

Kwenye seva ya bakapu nikakuta export TERM=xterm katika /etc/profile.d, na juu yake maelezo "ya muda tu, nitatoa kesho", mwaka 2017, na herufi za jina langu mwenyewe. Nimeifuta asubuhi hii. Kijana hajui.