Nadharia Haipandishwi Cheo Kuwa Kanuni

Kila muhula lazima nilisikie, na si kwa wanafunzi peke yao. Majuzi alikuwa mzazi, msomi mzima: “Mwalimu, mageuzi ya viumbe bado ni nadharia tu. Yangekuwa kweli yangeshakuwa kanuni.” Kumbe vimelea vya malaria havikupata taarifa hiyo. Viliendelea kubadilika na kujenga usugu dhidi ya klorokwini, na hayo ndiyo mageuzi yenyewe, mpaka Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001.

Watu wanadhani kuna ngazi ya vyeo: nadharia tete, yaani dai la awali linalosubiri kupimwa, ikifaulu majaribio inakuwa nadharia, na nadharia ikidumu inapandishwa kuwa kanuni. Ngazi hiyo haipo!

Chukua bomba la sindano bila sindano yenyewe. Vuta hewa hadi mililita 20, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha sukuma. Ukifika mililita 10, na halijoto ikiwa ileile, shinikizo la ndani limekuwa maradufu. Kidole chenyewe kitakusimulia. Hiyo ni kanuni ya Boyle, ya mwaka 1662. Inasema kitatokea nini na kwa kiasi gani, basi. Sababu utaipata kwenye nadharia ya mwendo wa molekuli: molekuli zilezile zikibanwa katika nusu ya nafasi, zinagonga kuta mara nyingi maradufu. Nadharia hiyo ilikomazwa na wanafizikia akina Maxwell na Boltzmann karibu miaka 200 baada ya Boyle. Yaani kanuni ilitangulia, nadharia ikaja kuieleza. Tena kanuni ndiyo yenye mipaka finyu zaidi hapa: kwenye shinikizo kubwa sana gesi haziifuati sawasawa, na anayetueleza kwa nini ni nadharia, kwa kuwa molekuli zina ukubwa wake na huvutana. Nani basi mkubwa wa mwenzake? Swali halina maana, kazi zao ni mbili tofauti.

Wengine husema: “Nadharia tete ni kubahatisha.” Hapana. Mwaka 1846 Le Verrier, mwanafalaki Mfaransa, aliona Uranusi haipiti pale hesabu za Newton zinapotaka, akadai kuna sayari nyingine inayoivuta, na akataja mahali pa kuitafuta. Mwanafalaki mwenzake Galle akaelekeza darubini huko Berlin, akaikuta Neptuni ndani ya nyuzi moja ya mahali palipotajwa. Baadaye Le Verrier akatumia hoja ileile kwa Utaridi, akadai ipo sayari karibu zaidi na Jua. Haikuonekana hadi leo. Mwendo wa Utaridi ulikuja kuelezwa na Einstein mwaka 1915. Zote mbili zilikuwa nadharia tete nzuri, kwa sababu zilikubali kupimwa.

Wapo pia wanaosema: “Ukweli wa kisayansi haubadiliki.” Kwa miaka zaidi ya thelathini vitabu viliandika kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48. Mwaka 1956 wanasayansi Tjio na Levan waliziandaa vizuri zaidi chini ya hadubini, wakahesabu 46.

Na lile la “sayansi imethibitisha asilimia mia” ninalikata kwa kalamu nyekundu kila nikilikuta kwenye daftari. Andika kilichopimwa, na matokeo gani yangekufanya ulikane dai lako. Ukishindwa hilo la pili, alama sitoi.