TNF: protini inayokupa homa, ndiyo hiyo hiyo inayoifunga TB kifuani

Siku hizi kila kona kuna mtu anayeuza kidonge, unga au juisi ya "kuongeza kinga". Wateja ni wengi, na ni wachache wanaouliza ni kinga ipi inayoongezwa, na ikiongezeka itafanya nini. Sisi tunaoshinda maabara tunapata shida na maneno hayo, kwa sababu kinga ya mwili haina kiwango kimoja unachoweza kukipandisha kama sukari ya damu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kupashana habari. Seli moja ikigundua jambo hutoa protini, na seli nyingine zikiipokea hubadili mwenendo wake. Protini hizo kwa jumla huitwa saitokini, na ziko makumi kwa makumi. Hapa nitazungumzia moja tu, TNF, kifupi cha Kiingereza "tumor necrosis factor", yaani kitu kinachoua uvimbe wa saratani.

Chukua kidole kilichochomwa na mwiba. Bakteria walioingia nao wanakutana na makrofeji, seli kubwa zinazokaa ndani ya ngozi zikimeza takataka na vijidudu. Makrofeji ikishamtambua mgeni huanza kutengeneza TNF. Kwanza protini hiyo husimama juu ya utando wa seli, kisha kimeng'enya huikata ikaachiwa. Vipande vitatu vinavyofanana hushikana na kuwa molekuli moja, na ni katika hali hiyo ndipo inapofanya kazi. Ikifika kwenye mshipa mdogo wa damu ulio jirani, seli za ukuta wa mshipa hubadilika na kuanza kunata. Chembe nyeupe zilizokuwa zikipita na damu hunaswa, hubiringika kidogo ukutani, husimama, kisha hupenya kwenda kwenye jeraha. Maji ya damu nayo huvuja. Kidole kinavimba, kinakuwa cha moto, kinauma, na baada ya siku mbili tatu unaweza kukamua usaha. Karibu yote hayo umejifanyia mwenyewe. Bakteria walileta chokochoko tu.

TNF ikiwa kidogo kazi yake huishia hapo kidoleni. Ikizidi na kusambaa kwenye damu, ubongo hupandisha joto la mwili, ini hubadili protini linazozitengeneza, hamu ya chakula inakatika na mtu anajisikia kama amepigwa. Ni kama mbiu ya mgambo: ikilia kitongoji kimoja watu hutoka wakazima moto, lakini ikilia mji mzima kwa mara moja watakanyagana. Katika maambukizi makali yaliyoenea kwenye damu, mishipa huvuja kila mahali, shinikizo la damu huporomoka, na mgonjwa anaweza kufa kwa mapigo ya kinga yake mwenyewe.

Historia ya protini hii ina kipande kinachotuhusu. Mwaka 1975 watafiti wa New York walieleza kitu kilichomo katika damu ya panya ambacho kiliua uvimbe wa saratani, na hicho ndicho kilichopewa jina la TNF. Wakati huo, katika mji huo huo, Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller alikuwa na swali lingine kabisa: kwa nini mnyama mwenye trypanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, hukonda hadi kubaki mifupa hata pale vimelea vinapokuwa vichache? Mfugaji yeyote aliyeona ng'ombe mwenye nagana analijua swali hilo. Cerami na wenzake waliwachunguza sungura walioambukizwa, wakakuta mafuta yamejaa kwenye damu kwa sababu mwili umeshindwa kuyatumia, na nyuma yake kuna protini inayotolewa na makrofeji. Mwaka 1985 yeye na Bruce Beutler walionyesha kwamba protini hiyo ya kukondesha na TNF ni kitu kimoja.

Baada ya hapo wazo lilikuja lenyewe: kama TNF ndiyo inayoumiza, tuizuie. Kingamwili za kuinasa, yaani protini zinazoshika kitu kimoja mahususi, zikatengenezwa. Kwa wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu matokeo yalivunja moyo. Nchini Gambia zilijaribiwa kwa watoto wenye malaria iliyopanda kichwani, ambao TNF huwa juu sana katika damu yao. Homa ilishuka, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa vifo havikupungua, na miongoni mwa walionusurika, waliopewa kingamwili walibaki na madhara ya neva zaidi ya wenzao. Kwangu mimi hilo ni somo kubwa kuliko mafanikio yaliyofuata. Kushuka kwa homa kunaridhisha macho ya anayemuuguza mtoto, ila si kipimo cha kupona.

Mafanikio yalitoka kwenye viungo. Katika baridi yabisi kinga hushambulia maungio ya mtu mwenyewe, na Ravinder Maini na Marc Feldmann wa London walikuwa wameona kwamba humo ndani ya maungio TNF ndiyo inayozisukuma saitokini nyingine. Walianza kuwapa wagonjwa kingamwili mwaka 1992. Watu waliokuwa hawawezi kufunga vifungo vya shati walianza kuvifunga. Infliximab, mojawapo ya kingamwili hizo, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn wa utumbo, na mwaka uliofuata kwa baridi yabisi. Nyingine zikafuata, na leo hutumika pia kwa soriasisi na magonjwa kadhaa ya uti wa mgongo na macho.

Halafu TB ikajitokeza. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia infliximab, wengi wao ndani ya miezi michache ya mwanzo. Zaidi ya nusu walikuwa na TB nje ya mapafu.

Ili kuelewa kilichotokea, tuingie kifuani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB, na wengi wao hawataugua kamwe. Bakteria huyo akimezwa na makrofeji hafi kirahisi, hujibanza humo humo ndani. Seli T, aina ya chembe nyeupe, zikifika hutoa saitokini nyingine, interferoni gama, inayoipa makrofeji nguvu ya kuua, na makrofeji hutoa TNF inayoita seli zaidi na kuzifanya zikae pamoja. Hivyo hujengeka donge dogo liitwalo granuloma: makrofeji zimebanana katikati, seli T zimezizunguka, bakteria wamefungiwa ndani wakiwa hai. Donge hilo linaweza kukaa miaka thelathini bila mwenyewe kujua. Lakini si jiwe. Seli zake hufa na kubadilishwa kila wakati, na TNF ndiyo inayozishikilia. Ukiizuia, donge linalegea na bakteria wanatoka. VVU huvuruga jambo hilo hilo kwa mlango mwingine, kwa kupunguza seli T, na ndiyo maana kwa watu wenye VVU wasiotibiwa TB hupatikana mara nyingi kwenye tezi, kwenye uti wa mgongo au kwenye utando wa ubongo.

Dawa za kuzuia TNF zinatumika pia katika hospitali za Afrika Mashariki, japo bei yake bado inawafukuza wengi. Kabla ya sindano ya kwanza mgonjwa ataulizwa maswali yanayoweza kuonekana hayahusu magoti yake. "Mama, uliwahi kuishi nyumba moja na mtu aliyekuwa anatumia dawa za TB?" Jibu kweli, hata kama ilikuwa zamani, hata kama ni marehemu babu na ukoo haupendi kulitaja. Utapigwa eksirei ya kifua na kufanyiwa kipimo cha ngozi au cha damu. Hiki cha damu kinapima interferoni gama inayotolewa na seli T zako zikionyeshwa protini za bakteria, kwa hiyo kama umekuwa ukimeza prednisoloni, dawa inayopunguza kinga, kwa muda kinaweza kusema huna kitu ilhali unacho. Mwambie daktari. Na mwambie pia kama ni deksamethasoni unayojinunulia duka la dawa kwa ajili ya maumivu, kwa sababu nayo hupunguza utengenezaji wa TNF, ila kimya kimya na bila mtu wa kukufuatilia. Ukikutwa na maambukizi yaliyolala utaanzishiwa dawa za kinga ya TB, kwa kawaida angalau mwezi mmoja kabla.

Ukishaanza, usisubiri kikohozi ndipo uende hospitali. Homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda au tezi iliyovimba shingoni vinatosha. Usiiache dawa kwa uamuzi wako, nenda ukaonekane.

Limebaki la wajawazito, ambalo kwetu lina uzito kuliko Ulaya. Kingamwili hizi huvuka kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho, na mtoto huzaliwa nazo. Chanjo ya BCG, ile ya kukinga TB, ina bakteria walio hai, waliodhoofishwa tu, na huku kwetu hutolewa mara baada ya kuzaliwa. Uingereza iliripotiwa mwaka 2010 kifo cha mtoto aliyechanjwa BCG baada ya mama yake kutumia infliximab katika ujauzito: bakteria wa chanjo walisambaa mwilini. Mtoto kama huyo husubirishwa angalau miezi 6, kwa baadhi ya dawa hadi 12. Andika jina la dawa kwenye kadi ya kliniki, na umwambie mkunga kabla hujajifungua, kwa sababu BCG hutolewa haraka na mara nyingi na mhudumu ambaye hajawahi kukuona.