Kwa nini tunamkamata panya kisha tunamwachia

"Mwanangu, mwizi unamshika kwa mkono wako, unampima uzito, halafu unamfungulia arudi shambani kwangu?"

Mama mmoja mwenye shamba la mahindi jirani na eneo letu la utafiti, hapa Morogoro, aliniuliza hivyo asubuhi moja akiwa na jembe begani. Hata shikamoo yangu ilikuwa haijakamilika. Nilianza kumweleza, lakini sikufika mbali, maana jua lilikuwa linapanda na palizi haimsubiri mtu. Swali lake limenikaa. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake ndilo kazi yangu yote.

Kwanza tuelewane ni panya yupi. Si panya buku wa shirika la APOPO, wale wanaofunzwa hapa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Huyu ni panya shamba wa kawaida, kwa jina la kitaalamu Mastomys natalensis, rangi ya udongo, mwepesi kiganjani. Jike ana chuchu nyingi kuliko panya wengine wote unaowajua, hadi jozi 12. Hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache, na kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja ni jambo la kawaida kwake. Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwa nini mkulima anayelala na panya wachache mwezi wa tatu anaweza kuamka na jeshi zima mwezi wa tisa.

Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kuna kipande cha ardhi cha hekta tatu, mita 300 kwa 100, ambacho watafiti wa chuo hicho na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji wamekuwa wakikitega tangu mwaka 1994. Mitego 300 ya bati la alumini, kila mmoja mita 10 kutoka mwenzake, usiku tatu mfululizo, kila baada ya wiki nne. Chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Mtego haumuui panya, unafunga mlango tu. Alfajiri unaikagua haraka kabla jua halijaipasha moto bati, na kabla siafu hawajakutangulia, kwa sababu siafu wakiingia kwenye mtego wenye panya unakuta mifupa.

Panya akipatikana anapimwa uzito, anatazamwa kama ni dume au jike, kama ana mimba au ananyonyesha, anatolewa tone la damu, anawekwa alama yake mwenyewe, kisha anaachiwa palepale alipokamatwa.

Kwa nini palepale? Kwa sababu hesabu yetu inategemea yeye kurudi. Tuseme usiku wa kwanza nimeshika panya 60, nikawatia alama wote na kuwaachia. Usiku wa pili nashika 60 tena, na 20 kati yao wana alama. Maana yake theluthi moja ya panya wa eneo hilo ndio niliowatia alama jana. Kama 60 ni theluthi, basi wote kwa pamoja ni kama 180. Mahesabu tunayotumia kweli ni marefu zaidi, yanazingatia kwamba panya mmoja ni mwoga wa mtego na mwingine anaupenda, kwamba wengine wanakufa na wengine wanahamia, lakini mzizi ni huo. Ningewaua wale 60 wa kwanza ningebaki na mizoga 60 bila kujua wamebaki wangapi. Na nisingejua jambo kubwa kuliko idadi: panya huyu alizaliwa lini, aliishi miezi mingapi, alianza kuzaa akiwa na umri gani.

Hapo ndipo mvua inapoingia, na ndipo utafiti huu ulipompa mkulima kitu mkononi.

Panya shamba hazai mwaka mzima. Anangoja majani mabichi yanayochipua baada ya mvua. Katika mwaka wa kawaida huku kwetu, masika inanyesha kuanzia mwezi wa tatu, kuzaa kunashika kasi kuanzia mwezi wa nne hivi na kuendelea hadi kiangazi. Watoto wa msimu huo wakikuta nchi imekauka wanasimama: wanabaki wadogo, hawapevuki, wanasubiri mvua za mwaka unaofuata. Wengi wanakufa kabla ya kuziona. Ndiyo maana idadi inapanda kila mwaka na kushuka tena kila mwaka.

Sasa vuli ikija nzito, ile ya mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, kila kitu kinasogea mbele. Wale wadogo waliokuwa wakisubiri wanapevuka mapema na kuzaa kabla masika haijaingia. Kinaongezeka kizazi kizima ambacho kwa kawaida kisingekuwepo, na kizazi hicho nacho kinaingia kwenye msimu wa kuzaa wa kawaida. Huo ndio mlipuko. Mwaka 1997 timu iliyoongozwa na mtafiti Herwig Leirs ilionyesha katika jarida la kisayansi la Nature kwamba idadi ya panya hawa inaendeshwa na mambo mawili pamoja, yaani mvua isiyotabirika na msongamano wa panya wenyewe. Kwa lugha ya shambani: ukiona vuli imenyesha kupita kawaida, anza kujiandaa mapema, usingoje kuona mashimo kwenye tuta.

Ninasisitiza mapema kwa sababu nimeona sumu nyingi ikiwekwa kwa kuchelewa. Uharibifu mkubwa wa mahindi unatokea wakati wa kupanda. Panya anafukua mbegu usiku uleule, na siku chache baadaye anarudi kwa mche mchanga. Mkulima anagundua pale anapoona mistari ina mapengo, anarudishia mbegu, ndipo anakwenda dukani kununua sumu. Tena anaiweka kwenye shamba lake peke yake. Panya wa shamba la jirani na wa kichaka cha pembeni wanahamia kwenye nafasi iliyoachwa, na baada ya muda mfupi hali ni ileile. Ushauri wangu ni kijiji kizima kitege na kufyeka mipaka kwa pamoja kabla ya kupanda. Mtu mmoja akifanya peke yake anawafagilia njia panya wa jirani.

Lile tone la damu lina habari yake. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kirusi kipya kilichopatikana kwa panya hawa, kikapewa jina la kirusi cha Morogoro. Ni ndugu wa kirusi cha homa ya Lassa, ugonjwa uliotambuliwa Nigeria mwaka 1969 na unaoua watu Afrika Magharibi. Kule pia mbebaji mkuu ni panya huyuhuyu. Kirusi cha Morogoro hakijulikani kumwuguza mtu, na kwa sababu hiyo kina thamani kubwa: tunaweza kukifuatilia ndani ya panya walio hai shambani, bila hatari ile ya Lassa, tukajifunza namna ndugu yake anavyosambaa.

Na tumejifunza. Panya mwingi huambukizwa akiwa mdogo, anatoa kirusi kwa muda, kisha anabaki na kingamwili. Ukiua panya kwa mkupuo mmoja, waliobaki wanazaa kwa wingi, na watoto hao hawana kinga. Umekiandalia kirusi chakula kipya. Mtu akiniambia homa ya Lassa itaisha kwa kampeni ya sumu ya wiki moja, namjibu kuwa panya wenyewe wanasema hapana.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha kila nikilisimulia. Ukitoka Morogoro kuelekea Dodoma unavuka mpaka usioonekana. Upande huu panya shamba ni wa ukoo mmoja na wanabeba kirusi cha Morogoro. Upande wa pili ni ukoo mwingine wenye kirusi chao, kilichopewa jina la Gairo. Kati yao kuna ukanda mwembamba ambako koo hizo mbili zinakutana na hata kuzaliana, lakini virusi havivuki. Hakuna mto mkubwa pale wala mlima wa kuwazuia. Tofauti ndogo kati ya panya na panya inatosha kukisimamisha kirusi.

Lililo karibu zaidi na nyumba zetu ni leptospira, bakteria anayekaa kwenye figo za panya na kutoka na mkojo. Anaingia kwa mtu kupitia mchubuko wa ngozi, mtu akiwa ndani ya maji au matope ya shamba. Julai 2022 ugonjwa huo ulizuka Lindi, watu 20 wakathibitishwa kuugua au kushukiwa na watatu wakafariki, na Watanzania wakaujua kwa jina la homa ya mgunda. Lakini haukuanza mwaka huo. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa wana malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa watu 14 tu. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, leptospira ikiwemo, yalionekana kwa takriban robo ya waliochunguzwa kwa vipimo hivyo.

Kwa hiyo ukiwa na homa, misuli ya miguu inauma na macho yamekuwa mekundu, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie daktari kwamba wiki iliyopita ulikuwa kwenye majaruba ya mpunga au ulikuwa unasafisha ghala lenye panya. Usingoje akuulize. Homa ya mgunda inatibika kwa dawa za kawaida kama doksisaiklini au penisilini, ilimradi zianze mapema, kabla macho hayajageuka manjano.

Yule mama nilimkuta tena msimu uliofuata. Hakutaka habari za virusi. Alitaka kujua kitu kimoja: mitego ya mwezi wa kumi na mbili ilionyesha majike wenye mimba au la. Nikafungua daftari.